Joto la viganja

Jumapili, usiku

Nimeshaosha bakuli la mwisho, lakini kwenye kucha bado kuna weusi wa biskuti. Leo nimetengeneza na mwanangu vile vidonge vya biskuti vinavyochovywa kwenye chokoleti, visivyopita kwenye oveni. Nilimwahidi tangu shule zilipofungwa, na leo sikutaka kumpiga kalenda tena.

Tulichukua biskuti 36 nyeusi za kakao, zile zenye krimu katikati, tukazitia kwenye mfuko na krimu yake humo humo. Akazitwanga kwa kifimbo cha kusukumia chapati. Kila zikilainika kidogo anasimama, ananitazama. Nikamwambia aendelee, maana yakibaki mabonge kidonge kinapasuka mkononi. Tukachanganya na gramu 225 za jibini laini la kupaka, lililokaa nje ya friji hadi likalegea. Sukari hatukuongeza. Punde tu zile chenga zikashikana, zikawa donge moja jeusi. Akaliminya, akasema, "Mama, huu ni udongo wa kufinyangia."

Wengi husema vidonge hivi ni rahisi kwa kuwa haviokwi. Sikubaliani nao. Oveni haipo, lakini kazi yote ni ya kulichunga joto, tukianza na lile la viganja vyetu wenyewe. Donge tulilipumzisha kwenye friji nusu saa. Hata hivyo, kufikia kidonge cha kumi jibini lilishaanza kulainika na kugandia vidoleni. Ikabidi tunawe kwa maji baridi, tujifute vizuri, ndipo tuendelee. Yeye alisikitika kwamba vyake havijaviringika sawasawa. Nikamweleza kwamba peremende za namna hii zilipewa jina la uyoga unaoota chini ya ardhi, na uyoga wenyewe una manundumanundu. Akatulia.

Kisha ikaja chokoleti. Bakuli juu ya sufuria, maji chini yanatokota taratibu bila kuligusa bakuli. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana chokoleti hulegea ulimini bila kutafunwa. Haihitaji moto mkali hata kidogo. Ilikuwa inang'aa vizuri kabisa mwanangu alipotaka kunisaidia, akakoroga kwa kijiko alichotoka kukisuuza. Matone mawili tu, matatu. Chokoleti ikapoteza mng'ao palepale, ikakunjamana kukizunguka kijiko, ikawa nzito kama uji uliolala. Akauachia mkono wa kijiko kana kwamba umemuunguza.

Uso wake ndio ulioniuma. Nilimvuta karibu, nikamweleza kwamba ndani ya chokoleti kuna chembe kavu za sukari na kakao zilizotanda kwenye mafuta. Maji kidogo yakiingia, zinalowa na kushikana. Ya kuchovyea haitakuwa tena, lakini haijaharibika. Nikampa maziwa ya moto, ayamimine kidogokidogo mwenyewe huku akikoroga. Ikalainika polepole hadi ikawa mchuzi mzito, mweusi, unaoteleza. Hakusema kitu. Alikoroga muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nami nikamwacha.

Chokoleti ya pili niliiepua ikiwa bado na vipande vichache, vikamalizikia kwa joto la bakuli. Tukaongeza kijiko kidogo cha mafuta ya nazi ili iwe nyepesi. Vidonge tulivitoa kwenye friji vichache vichache. Zamani nilikuwa navigandisha hadi viwe kama mawe, halafu kila mara ganda linapata nyufa: kitu baridi sana hutanuka kinapopata joto, na chokoleti iliyokwisha kukauka juu yake haina pa kwenda. Leo hakuna kilichopasuka. Unakitumbukiza, unakiinua kwa uma, unaugonga uma ukingoni mwa bakuli mara mbili tatu ili ziada idondoke, unakishusha kwenye karatasi. Kugonga huko alikupenda kuliko yote. Kufikia mwisho hata hakuwa ananitazama tena.

Nimevifunika kwenye friji. Kwa sababu ya jibini vinatakiwa viishe ndani ya wiki. Kimoja kina alama ya kidole chake, alikigusa kabla hakijakauka. Ukikisogeza kwenye taa unaona hata mistari ya ngozi.