Supu ya kaa yenye nyanya na mboga: ninavyoipika nyumbani

Utamu wa supu ya kaa uko kwenye magamba. Nyama inashibisha, lakini ile ladha inayomfanya mtu aongeze bakuli la pili inatoka kwenye yale magamba ambayo wengi huyatupa. Ndiyo maana nafurahi zaidi nikipata kaa wazima kuliko nyama iliyokwisha kuchambuliwa.

Nachagua kaa walio hai, maana kaa akishakufa nyama yake huharibika upesi mno, na hakuna kiungo cha kuficha hilo. Nawafukia kwenye barafu mpaka wafe ganzi, halafu nawatia kwenye maji ya chumvi yanayochemka kwa dakika 10 hadi 15, kulingana na ukubwa wao. Gamba linageuka jekundu. Rangi hiyo ilikuwamo tangu mwanzo, imefungwa ndani ya protini; moto ndio unaoifungua.

Wakipoa nawafungua. Nabandua gamba la mgongoni, natoa matamvua, yale ya kijivu yaliyojipanga ubavuni kama vidole laini, na kuyatupa. Hayo hayaliwi. Kisha nakaa kuchambua nyama, na hapa sina haraka kabisa. Nyama ya magando hutoka kwa vipande vikubwa, ila ile ya kiwiliwili imejificha kwenye vyumba vidogo vidogo, inabidi uifuate kwa ncha ya kisu. Naitandaza kwenye sahani nyeusi na kuipapasa kwa vidole, kidogo kidogo, kwa sababu kipande cha gamba ni cheupe kama nyama yenyewe na macho peke yake hayatoshi. Mtu akiuma gamba moja tu, supu yote inamwishia hamu.

Magamba nayaponda kidogo, nayakaanga kwenye mafuta pamoja na kitunguu maji na kitunguu saumu mpaka jiko zima linukie, halafu namimina maji yafunike. Yachemke taratibu kama nusu saa, huku naengua povu. Nachuja kwa kitambaa safi.

Sasa mboga. Viazi na karoti natangulizia kwenye mchuzi huo kabla nyanya hazijaingia. Uchachu wa nyanya huchelewesha viazi kulainika. Ukivitia pamoja unaweza kungoja mpaka uchoke na kiazi bado kigumu katikati. Wakati viazi vinaiva, nyanya nazikaanga pembeni na kitunguu na nyanya ya kopo kidogo mpaka mafuta yajitenge. Nyanya isiyoiva vizuri inaacha supu na ukali mbichi, na sukari haiondoi kitu hicho. Moto na subira ndivyo vinavyouondoa ukali huo.

Viazi vikilainika, namimina nyanya zangu, natia maharage machanga, mahindi yaliyopukuchuliwa, na kabichi mwishoni. Viungo: pilipili manga, paprika, haradali kidogo na pilipili ya kuwasha kiasi cha kusikika kooni. Mdalasini na karafuu siweki, zinaimeza ladha yote ya kaa.

Nyama inaingia mboga zote zikishaiva. Imekwisha iva zamani, inahitaji kupata moto tu, dakika 3 au 4. Nageuza kwa mwiko polepole ili vile vipande vikubwa visisambaratike. Chumvi naionja wakati huu, si kabla, kwa kuwa kaa amekuja na chumvi yake. Tone la ndimu, nazima jiko.

Nikijua itabaki, nyama ya kesho naiweka kando kwenye friji tangu mwanzo, na supu nayo inaingia friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu nizime jiko. Kesho yake napasha mchuzi na mboga mpaka vichemke barabara, ndipo naiongeza nyama ipate moto. Hivyo haigeuki nyuzi.