Ukungu wa maji wa kupozea banda la kuku: wiki ya tatu

Jumamosi, saa nane mchana, Dodoma. Kipimajoto kikavu kinasoma nyuzi 32. Cha pili, nilichokifunga kitambaa chenye maji kwenye kitako, kinasoma 21. Hizo nyuzi 11 za katikati ndizo mtaji wangu wote. Tone likianguka katika hewa hii hupoa upesi hadi karibu na 21, kisha hubaki hapo huku likizidi kupungua, na joto linaloligeuza mvuke hutoka kwenye hewa. Ndiyo siri ya maji ya mtungini. Gramu 1 tu ikiishia hewani yatosha kushusha nyuzi 1 katika zaidi ya mita 2 za ujazo.

Sharti iishie hewani. Wiki iliyopita nilifunga pua za bustani, zile za kunyunyizia maji, mita 2 na nusu juu ya sakafu. Mama aliingia, akachota konzi ya maranda, akaiminya. Maji yakamchuruzika vidoleni.

"Mwanangu, hii ni mvua."

Alisema kweli, na maranda yakiloa, amonia, ile hewa kali ya kinyesi, huwachoma kuku macho. Nikayadaka matone kwenye kioo nilichopaka mafuta mazito, nikaweka rula kando na kupiga picha kwa simu: mengi yalikuwa na kipenyo cha milimita 0.2. Kwa makadirio yangu, tone hilo linahitaji sekunde kama 45 kuisha, nalo hufika chini kwa sekunde 4 hivi. Punguza kipenyo nusu, muda unabaki robo, na mwendo wa kuanguka nao unapungua. Tone la milimita 0.05 huisha kabla ya sekunde 3, halijashuka hata sentimita 20.

Basi nimenunua pampu yenye msukumo mkubwa na pua za tundu dogo. Leo, baada ya robo saa, hewa ya bandani ilishuka hadi 27, pazia za pembeni zikiwa wazi ili unyevu utoke. Kuku waliokuwa wakihema midomo wazi wamerudi kudonoa. Maranda makavu, mama ameyaminya mara mbili.

Binamu yangu wa Dar anataka mfumo huu huu. Nimemwambia apime kwanza: kwake mchana tofauti ya vipimajoto mara nyingi haifiki hata 6.

Waya za dirishani zimeota vumbi jeupe. Ni chumvi ya maji yetu ya kisima, iliyoachwa na matone yaliyokaukia njiani. Pua mbili zimeshaziba. Nimeziloweka kwenye siki hadi kesho.