Nilivyowafundisha watoto kinyume cha "mwerevu" bila orodha

Naanza na ushauri ulionipotezea muda, maana naona bado watu wanapeana. Mwalimu mwenzangu hapa Chake Chake aliniambia, "Vinyume havina siri. Waandikie orodha, waiimbe kila jioni, basi." Nikawaandikia watoto wanaokuja barazani kwangu wakitoka chuoni, yaani madrasa: mwerevu na mjinga, kali na pole, epesi na zito. Wakaimba mpaka majirani wakaijua. Jaribio la skuli likaja na "kisu kikali", na karibu wote wakajibu "kisu kipole". Mmoja akaandika "kisu kijinga". Aliyewasahihishia akawaita mazuzu mbele ya wenzao, na hilo ndilo lililonichoma. Watoto walijibu vilevile walivyofundishwa! Mbwa mkali kinyume chake ni mbwa mpole. Orodha haikuwaambia kuwa kisu kina kinyume chake.

Orodha nikaichana. Nikatoa embe mbichi, chumvi ya pilipili na visu viwili: kimoja nimekinoa kwenye jiwe, kingine ni kile cha jikoni kisichokata hata kitunguu. Mkubwa wao nikampa hicho cha pili. Akakandamiza, akasugua, akageuza upande, embe ikamponyoka ikabingirika mpaka uani, wenzake wanamkimbilia. "Mwalimu, hiki butu!" Neno lenyewe hilo, wala sikumtajia, alikuwa nalo kwao siku zote. Nikauliza, na embe ikoje? "Kali!" Kinyume chake? "Tamu!" wakaitika pamoja. Basi wakaanza wenyewe: kisu kikali, kisu butu; embe kali, embe tamu; mwalimu mkali, mwalimu mpole. Embe zote zile hazikufika shilingi elfu tatu.

Kazi ilikuwa kwa binadamu. Mtu mwenye akili kali, mwepesi wa kufahamu, kinyume chake ni nani? Nikafunga kamba ya nguo baina ya nguzo mbili, nikakata maboksi vipande vipande, nikawaambia waandike kila neno wanalolisikia mtaani, hata yale ya kutiliwa kofi. Yakaja mjinga, mpumbavu, mzito, mzubavu, zuzu, bozi, bwege, juha, mbumbumbu, zezeta, punguani. Mwenye neno alibane kwenye kamba: huku ya hali inayoondoka, kule ya lawama. Na anijibu: huyu kafanya nini hata akaitwa hivi?

Ubishi wa siku ile sitausahau. Msichana mmoja akasema, "Mjinga hajaambiwa. Mpumbavu kaambiwa, kapuuza." Nikawatajia methali, mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, nikawauliza kwa nini haisemi mpumbavu akierevuka. Wakanyamaza kidogo, kisha wakasogeza mpumbavu mbali kabisa na mjinga. Mzubavu wakamtoa kwenye kuzubaa: akili anayo, mawazo yake yako kwengine. Mzito anafika, ila huchelewa, kwa hiyo mwenzake ni mwepesi, si mwerevu. Juha alituchosha, kwani Juha wa hadithi za Waarabu mara ni mpumbavu, mara anawashinda wenye akili zao. Zezeta na punguani niliyatoa mimi mwenyewe kwenye kamba na kuwaeleza sababu: yanamtukana mtu aliyezaliwa na upungufu au aliyepatwa na maradhi, na mtu huyo hawekwi kwenye swali la vinyume.

Zuzu akaliomba kijana mmoja ambaye wenzake walikuwa wakimwita hivyo tangu siku ya jaribio. Akalibana karibu na mjinga. "Huyu hajui aanzie wapi tu," akasema, "akionyeshwa atajua." Hakuna aliyembishia, na toka hapo sijasikia mtu akimwita hivyo tena.

Kamusi ifungueni mwisho. Mimi natumia ile ya BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ya mwaka 2010, na nimeona ukianza nayo watoto wananakili tu, ukimaliza nayo wanaisoma kwa kuitafutia makosa, na hapo ndipo neno linapokaa. Na kila neno liwe ndani ya sentensi, lisisimame peke yake.

Jaribio lililofuata walifanya vizuri sana, nami natembea kifua mbele. Mwenzangu bado anashikilia kuwa orodha ni haraka. Haraka gani hiyo, kila muhula unairudia upya?

Sasa tuko kwenye "hodari". Hodari wa vita kinyume chake mwoga, hodari wa kazi kinyume chake mvivu au goigoi, hayo yamekwisha. Kwa hodari wa hesabu, baadhi wameshika "mzito", baadhi "dhaifu". Mie niko na wa "dhaifu", kwa sababu mzito akipewa muda, hesabu anaimaliza.