Vitabu vya mlimani: nilivyopunguza mzigo wa begi

Wadau, mi nakaa Moshi na huwa napanda mlima na washkaji, sasa shida ilikuwa vitabu. Cha huduma ya kwanza kizito kama tofali, cha kujiokoa porini kimejaa mambo ya misitu ya Ulaya, uyoga gani sijui, huku kwetu vya nini? Na usiniambie weka PDF kwenye simu, kule juu baridi inaua betri fasta.

Nikaamua hivi: nisibebe kitabu, nibebe kurasa. Nikakaa na kila kitabu nikijiuliza hii nitaihitaji nikiwa natetemeka, nimepanik? Zilizobaki chache tu: kuzuia damu, mvunjiko, nyoka (usichanje wala kunyonya sumu, mtulize mgonjwa, kiungo kisichezecheze, wahi hospitali), mafundo ya kamba, na ishara ya kuomba msaada, filimbi 6 ndani ya dakika moja, unapumzika dakika, unarudia.

Ukurasa wa ugonjwa wa mwinuko (ule unaompata mtu akipanda juu sana, hewa ikiwa nyepesi) nikauandika mwenyewe kwa Kiswahili, maandishi makubwa: kichwa kinauma na kutapika, usipande zaidi, akianza kuyumba kama mlevi au kuongea ovyo, mshusheni SASA HIVI hata kama ni usiku.

Steshenari karibu na stendi wakanitolea kopi nusu ya A5, nikapiga laminesheni, nikatoboa kona na kufunga kwa kamba ya kiatu. Inaingia mfuko wa jaketi, mvua haina habari nayo. Ila acheni ukingo wa plastiki mtoboe hapo, mkitoboa karatasi yenyewe maji hupenyea kwenye tundu.