Bibi Harusi amekonda

Buhongwa, Mwanza, Jumapili usiku.

Leo nimewaachisha kunyonya watoto saba wa Bibi Harusi, nguruwe wangu. Walizaliwa kumi. Mmoja alitoka mfu, wawili aliwalalia. Mama yao alipotoka chumba cha uzazi nimeona aibu: nyonga zimechomoza kama za ng'ombe wa Kwimba mwisho wa kiangazi.

Na huyu ndiye niliyekuwa nikijivunia! Alipokuwa na mimba, mgeni akija nilimpeleka bandani kwanza, chai baadaye. Akisema "huyu amenona," mimi kifua mbele. Nilimjazia ndoo asubuhi na jioni, karibu kilo 4 kwa siku, wakati mwenye mimba wa umbo lake anatosheka na kilo 2 hadi 2 na nusu. Niliona ndiyo mapenzi.

Shangazi yangu wa Igombe, aliyefuga nguruwe tangu mimi niko shule ya msingi, alipita siku moja. Hata kiti hakukaa. Akamwekea kiganja kiunoni, akabonyeza.

"Mwanangu, mfupa uko wapi?"

"Ameshiba huyo, shangazi."

"Wa bucha ndiye wa kushiba hivi. Wa kuzaa, ukibonyeza uusikie mfupa, lakini usiuone kwa macho."

Nikacheka. Bwana mifugo naye aliwahi kunieleza jambo lilelile kwa tarakimu: alama 1 ni gofu, 5 ni pipa, na anayekaribia kuzaa awe kwenye 3 hivi. Wangu alikuwa 4 na ushee.

Miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu zilipotimia akazaa, kwa taabu, toka saa mbili usiku hadi alfajiri. Kisha akagoma kula. Hapo ndipo niliposhindwa kuelewa, maana nilidhani akiba ya mafuta itamsaidia. Kumbe aliyenenepeshwa kwenye mimba hukosa hamu ya chakula wakati ule ule anapokihitaji kuliko wakati wowote: kilo 2 za chakula kwa siku kwa ajili ya mwili wake, na karibu nusu kilo kwa kila mtoto anayenyonya. Kwa saba ni kilo 5 na nusu. Wangu aligusa mbili, akageukia ukuta. Maziwa yaliendelea kutoka, ila aliyatoa kwenye nyama yake mwenyewe.

Na joto hili la mabati! Nguruwe hatoki jasho la kumpoza, nami nilikuwa nikimwekea chakula saa sita mchana. Nilipohamishia alfajiri na baada ya magharibi, akaanza kula kidogo, lakini wiki tatu zilishapita. Maji nayo. Ziwa ninaliona kutoka mlimani hapa, na bado bomba likikauka nilimpa ndoo moja, ilhali anayenyonyesha anaweza kumaliza lita 20 hadi 30 kwa siku.

Dagaa ni kisa kingine. Nachanganya pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba. (Mashudu ya pamba yako tele huku kwetu, ila yana gosipoli, yakizidi ni sumu kwa nguruwe, nayaogopa.) Dagaa huvuliwa kwa taa gizani. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala, na bei inapanda. Siku za mwanzo za kunyonyesha ziliangukia mbalamwezi, nami nikapunguza dagaa kwenye mchanganyiko. Yeye habari za mwezi atazijulia wapi?

Sasa nasubiri aingie joto, yaani awe tayari kupandwa. Mwenye hali nzuri huingia siku 4 hadi 7 baada ya kuachisha. Kwa mifupa hii sitarajii, na hata akiingia nitaliacha lipite, ale kwanza, nimpeleke kwa dume joto likirudi siku 21 baadaye. Kijana wangu wa bandani anasema tumuuze awe kitimoto, yaishe. Sijamjibu.

Nimeazima mizani dukani. Ndoo basi. Halafu, kabla ya kufunga banda, nimeingia kwa mwenzake mwenye mimba ya miezi miwili, nikamwekea kiganja kiunoni, nikabonyeza.

Mfupa sijausikia.