Kahawia ya Ororo

Boksi lilikuwa la ndizi, lile lenye matundu ubavuni, na lilikaa hatua tatu tu kutoka kwenye tanuri la kupashia nyumba joto. Nilipoona mahali lilipowekwa nilishajua nusu ya habari. Ilikuwa Januari 2011, Columbus, Ohio, kwenye besimenti ya mzee mmoja wa Mombasa aliyekwenda huko kusoma mwaka 1973 na hakurudi tena ila likizo. Alikuwa anahamia nyumba ndogo, akataka nimkagulie vitabu vya katuni alivyonunua enzi za uanafunzi, vile vya mashujaa wenye nguvu za ajabu.

"Mwanangu, hivi nilivinunua kwa robo dola, robo dola. Leo nasikia kuna watu wanavinunulia bei ya gari."

"Vipo vya hivyo, mzee. Lakini vingi ni vya kusoma tu."

Tulitandika shuka jeupe mezani ili kipande chochote cha karatasi kikidondoka kionekane. Tukanawa mikono, tukaikausha vizuri. Glavu sikuvaa. Zinaua hisia za vidole na hukwama kwenye pembe zilizochakaa, na hapo ndipo karatasi huchanika.

Kwenye shuka vilibaki vipande vidogo vya rangi ya chai. Ndiyo kazi ya tanuri. Karatasi ya aina ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na lignini ya mti haiondolewi. Joto, mwanga na hewa vikiishambulia, hutoa asidi inayokula nyuzi za karatasi yenyewe, kuanzia kingoni kwenda ndani. Usijaribu ugumu wa karatasi kwa kukunja pembe, kama nilivyowahi kuona wauzaji wakifanya, maana pembe hukatika na hairudi. Angalia sakafu ya boksi. Kuna unga? Basi vilivyo chini kabisa vimekwisha. Vya juu vilikuwa bado krimu, vinakunjuka.

Cha nne kutoka juu kilikuwa The Incredible Hulk namba 181, ya Novemba 1974, iliyochorwa na Herb Trimpe. Humo ndimo shujaa Wolverine anapopigana kwa mara ya kwanza. Katika namba 180 alichungulia tu ukurasa wa mwisho. Jalada lilikuwa zuri. Mgongoni nilihesabu mistari mitano ya mkazo, miwili tu ikiwa imevunja rangi hadi weupe wa karatasi ukaonekana, na ni hiyo inayopunguza daraja. Mingine ni mikunjo tu. Pini mbili za stepla hazikuwa na kutu. Kurasa za katikati zilikuwa bado zimeshikwa na pini zote mbili. Hapo moyo ulianza kwenda mbio, nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa barua za wasomaji.

Dirisha. Shimo la mstatili, limekatwa kwa mkasi kwa unadhifu wa kutisha.

Mwaka ule wa 1974 Marvel, kampuni iliyovichapisha, walianza kuchapa stempu ndani ya vitabu vyao, 100 kwa jumla, uzikate ubandike kwenye kijitabu chake. Katika namba 181 ilikuwa stempu namba 54, Shanna the She-Devil. Kitabu kikikosa stempu hakihesabiki kuwa kizima, hata jalada ling'ae vipi, na bei hushuka kwa kishindo.

"Kumbe ndiyo hivyo?" mzee alicheka kwa uchungu. "Nilikata zote. Kijitabu nakumbuka nilikitupa."

Hata kama kingekuwepo, kuirudisha stempu ni kutengeneza kitabu, na mnunuzi lazima aambiwe. Selotepu kwenye mpasuko ni mbaya zaidi: gundi yake hupenya karatasi, huwa njano, na haitoki. Mzee alikuwa ameshaitoa selotepu mfukoni. Nikamwomba airudishe.

Katikati ya boksi, ndani ya mfuko wake wa peke yake, kulikuwa na Giant-Size X-Men namba 1, ya 1975, senti 50. Hiki hakuwa amekikata. Nikadhani anajua thamani yake, lakini hakujua.

"Hiki nilikinunua kwa sababu ya Kenya," alisema. Alikifungua kwa uangalifu, kama robo tu, hadi pale Profesa X, kiongozi wa kundi la X-Men, anapomkuta Ororo, shujaa aitwaye pia Storm, nchini Kenya, watu wakimwabudu kwa ajili ya mvua. "Nilikuwa sijaona mtu kwenye vitabu vyao anatoka kwetu. Lakini tazama walivyompaka. Jivu! Mtu wa kwetu ana rangi ya mgonjwa? Nilikasirika, nikakiweka."

Nilitoa lenzi ya kukuza mara 10, nikampa yeye atazame kwanza.

Rangi za vitabu vile zilitokana na wino tatu tu juu ya mistari myeusi: njano, nyekundu na bluu. Kila moja ilikuwa na viwango vitatu, asilimia 25, asilimia 50 na kamili, au isiwepo kabisa. Zizidishe: 4 kwa 4 kwa 4, jumla 64 pamoja na nyeupe. Mtia rangi, kwa kitabu hiki Glynis Wein, hakupaka kitakachochapwa. Alipaka nakala ndogo kama mwongozo na kuandika misimbo, mfano Y2R2 kwa ngozi ya Mzungu, yaani robo ya njano na robo ya nyekundu. Kwa miaka mingi misimbo ya namna hiyo ilipelekwa Bridgeport, Connecticut, ambako wafanyakazi, wengi wao wanawake, walijaza kwa brashi plastiki angavu 9 kwa kila ukurasa: rangi 3, viwango 3. Uchapaji ulifanyika Sparta, Illinois, kwenye mashine za kasi na karatasi ya bei rahisi kuliko zote.

Sasa hesabu. Kila wino una bamba lake la kuchapia, na ngozi ya Mzungu inahitaji mabamba mawili ya rangi. Kahawia inahitaji matatu, na la tatu ni bluu, ndilo lenye giza. La bluu likisogea kidogo, uso wa Mzungu hauguswi. Uso wa Ororo unaharibika.

"Unaona nini, mzee?"

Alikaa kimya muda mrefu. "Vidoti. Vyekundu... na vya bluu, vimetoka nje ya shavu."

Ndivyo ilivyokuwa. Upande wa kulia bluu ilivuka mstari wa wino kwa upana wa uzi, ikaingia angani. Upande wa kushoto ikabaki tepe nyembamba ya rangi ya chungwa, pale nyekundu na njano zilipoachwa peke yao. Katikati vidoti vya bluu na vyekundu vilipandana badala ya kukaa kando kando, na macho yakavichanganya kuwa jivu. Hulk mwenyewe alitoka wa kijivu katika namba 1 ya Mei 1962, kijivu kikawa hakitulii kutoka ukurasa hadi ukurasa, wakambadilisha kijani kuanzia namba 2. Mavazi mekundu, ya bluu na ya njano yalipendwa pia kwa sababu hiyo: rangi kamili haiyumbi.

Nilimwomba ageuze kurasa mbili, amtazame tena. Kule bamba lilikaa sawa, na Ororo alikuwa kahawia, ya joto, nywele nyeupe zikiwa karatasi tupu isiyoguswa na wino wowote wa rangi. Na mistari ya mchoraji wake, Dave Cockrum! Alichora kwenye ubao wa inchi 10 kwa 15, ikapunguzwa hadi kama 6 kwa 9, lakini mistari ya nywele zile haikuziba.

"Kwa hiyo siku ile hawakunitukana," mzee alisema, akiwa bado ameinama.

"Mashine ilitikisika, mzee."

Tulivuta kitabu kwenye mfuko mpya wa poliesta, na ubao usio na asidi nyuma yake. Vingine vyote, pamoja na Hulk mwenye dirisha, aliniambia nimtafutie mnunuzi. Cha Ororo alikipeleka juu mwenyewe, mbali na tanuri, na lenzi yangu akaondoka nayo.