Nilivyopika vyakula vya Kichina kwa mboga za sokoni

Nilipopewa jiko la mgahawa wetu mdogo wa mtaani, niliamua kupika vyakula vya Kichina bila kuagiza mboga kutoka mbali, kwa sababu mboga iliyokaa njiani hufika imenyauka, na karai halifichi unyonge wa mboga. Dukani nilinunua sosi ya soya, mafuta ya ufuta na wanga wa mahindi. Tangawizi, kitunguu saumu, kabichi na karoti nilivipata sokoni.

Kilichonipa kazi ni moto. Majiko ya migahawa ya Kichina huwaka kwa nguvu kuliko jiko la kawaida la gesi, na karai likijazwa juu ya moto mdogo, maji ya mboga hutoka haraka kuliko yanavyokauka, chakula kikaishia kuchemka badala ya kukaangika. Kwa hiyo nilipika sahani mbili tu kwa mkupuo, hata wateja walipojaa, kwani ni afadhali mtu asubiri kidogo kuliko kula kabichi iliyolegea. Mboga nilizikausha kwa kitambaa baada ya kuziosha, nikaacha karai lipate moto hadi litoe moshi mwembamba, ndipo nikatia mafuta. Vishina vya kabichi vilitangulia, majani yakaingia mwishoni.

Nyama ya ng'ombe niliikata vipande vyembamba, kisu kikikatiza nyuzi zake, nikaichanganya na sosi ya soya, ute wa yai na wanga kidogo. Wanga huo hufanya utando mwepesi unaozuia nyama isikauke, na sosi nayo hupata pa kushika.

Wali wa kukaanga hutaka uwe umepoa, maana wali wa motomoto hugandamana. Hata hivyo sikuuacha nje usiku kucha: bakteria aitwaye Bacillus cereus huweza kustahimili kuchemshwa, na sumu anayoiacha katika wali haiondoki kwa kuupasha moto. Niliutandaza kwenye sinia upoe upesi, kisha nikauweka kwenye friji.

Orodha ya vyakula niliiandika ubaoni kwa chaki, kwa kuwa soko ndilo lililoamua. Asubuhi nilipokosa brokoli, sahani ileile niliipika kwa maharage machanga, na wateja wazoefu wakawa wanauliza kwanza mboga ya siku hiyo ndipo waagize.